Sindano Inayonielekea Mimi

Jumamosi, 3 Agosti

Nimeanza shule upya. Umri huu! Ukumbi wa juu wa maktaba, viti vya mbao, wanafunzi tisa, mwalimu mmoja. Somo: kusoma ramani na kutumia dira mlimani. Nimejiandikisha wa kwanza kabisa, kwa kalamu ya wino.

Sababu niiweke hapa wazi, maana daftari halina mdomo. Kutoka dirisha la chumba chetu cha kulala mlima unaonekana wote. Asubuhi, jua likichomoza, katikati ya mabega yake mawili kitu humeta mara moja, kama pini iliyoanguka sakafuni. Ni ziwa. Dogo sana, wanasema maji yake hayana hata kiwimbi. Siku ya pili ya ndoa yetu mke wangu alisimama dirishani, shuka mabegani, akaniuliza kile ni nini. Nikamwambia ni ziwa, na nitampeleka. Nitampeleka mimi, kwa mkono wangu mwenyewe. Hiyo ni miaka kumi na mmoja iliyopita. Hajawahi kunisumbua. Ila kila anapofuta kile kioo husema, bado lipo. Basi. Maneno mawili tu, nami sina pa kuweka uso.

Sasa ofisi ya msitu imeweka lango. Njia ya juu hapiti mtu mpaka awe na kadi ya mafunzo, au aongozwe na mwenye kadi. Kadi anatoa Mwalimu, baada ya mtihani wa mlimani, wiki mbili kutoka leo. Nikiipata, ahadi imetimia. Rahisi!

Kumbe siko peke yangu. Mke wangu naye kajiandikisha, eti amechoka kuuangalia mlima kwa dirisha. Hilo sawa. Lakini shemeji! Kaka wa mke wangu, msoma mita za maji, mtu ambaye hata chai huikoroga kwa hesabu, kaja na penseli tatu zilizochongwa. Akatangaza mbele za watu kwamba akipata kadi atampeleka dada yake ziwani, kwa kuwa wapo walioahidi mpaka mvi zikawaota. Darasa likacheka. Ebo! Ahadi yangu, aitimize yeye!

Mwalimu ni mama mpima ardhi mstaafu. Mfupi, viatu vikubwa, sauti ya chini. Katugawia dira, akatuambia tuishike kiganjani, tutulie, tuiache sindano iogelee mpaka ichoke. Zote zikaelekea kabati la magazeti ya zamani. Yangu haikutaka kabati. Ilitikisika, ikafikiri, ikageuka taratibu, ikanielekea mimi. Nikasogea dirishani. Ikanifuata. Nikageuka nyuma. Ikageuka nami. Moyo ulinidunda! Nilikuwa nimetoka moja kwa moja kwenye cherehani, tepu shingoni, dira nimeishika mkono wa kushoto, mkono huo huo wenye bangili yangu ya pini, ile ya sumaku ambayo siivui hata kitandani (mke wangu amezoea kuchomwa). Yaani fundi nguo wa kawaida kabisa, na bado imenichagua.

Nikajikausha. Sikumwambia mtu. Kipaji hakitangazwi siku ya kwanza.

Jumatatu, 5 Agosti

Mistari ya mwinuko! Ramani imejaa mistari ya kahawia inayozungukana. Mwalimu alieleza: ikibanana, hapo pana mteremko mkali, ikiachana, ni tambarare. Wenzangu walikuna vichwa. Mimi niliielewa papo hapo, kwa sababu ni marinda. Palipobanwa panasimama, palipoachiwa panalala. Mlima ni sketi ya mtu mnene aliyekaa chini. Nilimweleza shemeji hivyo, akasema yeye hayajui mambo ya sketi.

Kutwa nzima sikufanya la maana. Nina majoho kumi na mawili ya kwaya, yote meupe, yanatakiwa mwisho wa mwezi. Nilitandaza kitambaa mezani, nikashika chaki nikate mikono. Upepo ukaingia. Kitambaa kikainuka katikati polepole, kikatua, na pale kilipotua nikaona mabega mawili na bonde. Nikachora mwinuko wa kwanza. Kisha wa pili. Chaki ikawa inakwenda yenyewe, nami nyuma yake, juu, juu zaidi, mpaka kwenye kiduara kidogo nilichokiacha wazi kwa ajili ya maji. Kulikuwa na ubaridi huko, haki ya nani, niliusikia vidoleni. Nilipozinduka jua limehamia ukuta wa pili na kiongozi wa kwaya amesimama mlangoni, anauliza kama yale maduara ni kola. Nikamwambia ni mtindo mpya. Akasema kwaya haitaki mtindo mpya, inataka mikono.

Jioni mazoezi ya nyumbani. Kutoka cherehani hadi jikoni kwa dira tu. Mwalimu alisema mtu ainue macho, achague alama mbele yake, aiendee. Hayo ni ya wasio na kipaji. Mimi niliitazama sindano peke yake. Haikuyumba hata kidogo. Nikafika ndani ya kabati la nguo. Mke wangu akafungua mlango wa kabati, akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia kaskazini. Akaufunga taratibu.

Jumatano, 7 Agosti

Somo la hatua. Kila mtu ajue hatua zake ngapi zinafanya mita mia, ili ukungu ukishuka ajue ametembea kiasi gani. Tulitembea kwenye korido ya maktaba, huku na huko, tunanong'ona namba, kama watu waliosahau walichofuata. Shemeji: hatua mia moja thelathini na mbili. Mara tatu, jibu lile lile! Mwalimu akasema safi sana. Mke wangu: mia moja hamsini, na kila akifika mia moja anahamisha kokoto kutoka mfuko huu kwenda ule. Mwalimu akasema safi. Mimi mara ya kwanza mia moja arobaini, mara ya pili mia moja tisini na kitu. Si kosa langu. Korido inaishia dirishani, na dirishani mawingu yalikuwa yanavuka mlima, moja moja, bila haraka yoyote, na mtu hawezi kuhesabu miguu yake wakati kitu kama hicho kinapita. Mwalimu aliandika kwenye kijitabu chake.

Kisha akasema neno zito kuliko yote. Chuma na sumaku ni adui wa dira. Visu, funguo, simu, vichwa vya mikanda. Vikiwa karibu, sindano inadanganyika. Akatuambia tukague mifuko. Nikakagua yangu. Mitupu! Nikaigeuza nje nje aione. Maneno yake nimeyaandika kwa wino na kuyapigia mstari mara mbili.

Halafu nikamtazama shemeji anavyochonga penseli. Wazo likanijia lenyewe, taratibu, hata sikuliita.

Alhamisi, 8 Agosti

Shemeji kaniletea jaketi lake la mlimani nibadilishe zipu. Jaketi zuri, bitana ya kijani, pindo pana. Akasema hana fundi mwingine anayemwamini. Maneno hayo yalinichoma, sitaficha. Lakini nikamkumbuka mke wangu dirishani na kitambaa chake cha kufutia kioo. Nikapiga moyo konde.

Nikafumua pindo. Nikapanga ndani yake pini za chuma arobaini, kutoka kwenye bangili yangu hii hii, zilizokaa juu ya sumaku mwaka mzima mpaka zinavutana zenyewe. Nikashona tena. Ni mshono mzuri kuliko yote niliyowahi kushona, na inasikitisha kwamba hautaonekana. Jioni akaja, akalivaa, akajigeuza mbele ya kioo changu. Akasema linaanguka vizuri kuliko zamani, lina uzito wa heshima. Nikamwambia ni uzi.

Bangili nimeijaza pini mpya. Dira nimeijaribu kabla ya kulala. Bado inanitaka mimi.

Jumamosi, 10 Agosti

Mazoezi ya nje, bustani ya manispaa. Mwalimu kaficha vibendera vitatu mitini, tunakwenda mmoja mmoja. Shemeji kaja na shati tu, jaketi analitunza kwa ajili ya mtihani. Alitunze, alitunze. Kavipata vibendera vyote kwa dakika kumi na moja. Mke wangu kumi na tatu.

Mimi sikuwa na pupa. Palikuwa na ukungu mwembamba, nyasi zimelowa, maji yanachuruzika katikati ya bustani bila mtu wa kuyatazama. Nikaifuata sindano. Uhakika wake! Haikutetemeka. Nikapita benchi la kijani, nikapita ua la waridi lililoinama, nikapita benchi jingine la kijani, nikapita ua jingine la waridi, nalo limeinama. Bustani kubwa kumbe, na miaka yote hii sikujua. Nilikuwa nawaza nitakavyomshika mke wangu mkono penye mawe. Kwenye benchi la tano Mwalimu akaja, akanishika kiwiko, akaniambia muda umekwisha. Akaniuliza nilikuwa nakwenda upande gani. Nikasema, ninakoelekea.

Aliandika ukurasa mzima kunihusu. Ukurasa! Shemeji kapata mstari mmoja.

Jumanne, 13 Agosti

Nimemkuta mke wangu ametandaza ramani kitandani, mchana kweupe. Ziwa ni doa la bluu, dogo kuliko kifungo cha shati. Anaweka kidole, anakiondoa, anakiweka tena. Nikamuuliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, kama kaka yake akipata kadi ataenda naye. Akasema ataenda, asiende kwa nini, ziwa ni ziwa. Halafu akasema, lakini si yeye aliyeniahidi. Akaikunja ramani, akaenda kuanika nguo.

Nilibaki nimekaa kitandani. Nampenda yule mwanamke mpaka tumbo linaniuma. Nikishindwa, sijui asubuhi nitakuwa naangalia wapi.

Ijumaa, 16 Agosti

Mtihani ni kesho, chini ya lango, wawili wawili. Kila jozi ina safari mbili fupi: mmoja anaongoza ya kwanza, mwenzake ya pili, na kila mtu anapewa alama za safari yake. Nimepangwa na mke wangu! Mimi naongoza kutoka kibanda cha mlinzi hadi jiwe kubwa lenye namba. Yeye kutoka hapo hadi bendera, kwa Mwalimu. Njia hakuna, hata ya mbuzi.

Kipaji ninacho. Lakini mwenye akili hategemei kitu kimoja. Lile joho nililolichora chaki, kiongozi wa kwaya amelikataa kabisa. Nikalichana vipande kumi na viwili, nikafunga duka, nikapanda. Mlinzi wa kibanda alikuwa na mfuko wa koti uliotoboka. Nikamshonea papo hapo, akanisindikiza hadi kwenye jiwe. Kila baada ya hatua kadhaa nikafunga kitambaa kichakani. Nilifikiria nyekundu, lakini nyekundu shemeji angeiona. Nyeupe haimshtui mtu.

Kazi ilipokwisha mlinzi akarudi zake, nami nikajilaza kwenye nyasi kidogo tu. Mbingu ilikuwa wazi. Mlima ulikuwa karibu kiasi kwamba nilitamani kuupima kifua. Nikajiona niko juu, mke wangu kando yangu, maji yametulia, ananiambia fundi, kweli umenileta. Nikamjibu kwa sauti. Mbuzi wawili wakanitazama.

Jumamosi, 17 Agosti

Naandika miguu ikiwa kwenye beseni la maji moto. Nitakwenda kwa utaratibu.

Asubuhi, ukungu. Si ule wa bustani. Ukungu wa kweli, mzito, umeumeza mlima mzima pamoja na kibanda cha mlinzi. Mwalimu akafurahi! Akasema tusingepata siku nzuri kuliko hii. Baridi ikatupiga. Mke wangu alikuwa na sweta jembamba, akaanza kutetemeka. Hapo shemeji, muungwana ghafla, akavua jaketi akamvika dada yake.

Lo! Pini arobaini! Zimemzunguka mke wangu! Jasho lilinitoka kwenye baridi ile ile. Nikinyamaza, dira yake inaharibika, kadi yake inapotea. Nikisema, nimeumbuka. Niliwaza kwa pumzi tatu. Nikavua koti langu la sufu, nikatangaza kwamba mke wangu havai jaketi la mwanamume mwingine nami nipo hai. Shemeji akauliza mwanamume mwingine gani, yeye ni kaka yake, tumbo moja. Nikasema hata hivyo. Nikambadilishia. Mwisho wa yote jaketi nimelivaa mimi, na shemeji akapotelea ukunguni na shati lake, hatua zake mia moja thelathini na mbili, na dira safi kabisa. Aa!

Tukaondoka. Sindano ikanielekea mimi, imara kuliko siku zote. Kila nilipoinama pini ilinidunga kiunoni, na hivyo nikajua niko macho, maana vinginevyo ningeapa naota. Mlima haukuwepo. Mbingu haikuwepo. Kulikuwa na weupe, na ndani ya weupe mkono wa mke wangu, na viatu vyetu kwenye nyasi zilizolowa. Kichaka kinatokea, kinatusalimu, kinapotea. Ni lini mara ya mwisho tumetembea hivi, bila haraka, bila kutumwa na mtu?

Ndipo nikakumbuka vitambaa vyangu. Vyeupe! Nimevifunga kwenye ukungu mweupe! Nikajilaani kimoyomoyo. Mara, puani kwangu, kimoja. Furaha! Tukaendelea. Kingine! Tukaendelea. Kingine tena! Nikaanza kupiga mluzi. Kwenye cha tano mke wangu akauliza kwa upole mbona vitambaa vyote vina alama moja ya chaki. Nikainama. Duara dogo nililoliacha wazi kwa ajili ya maji. Nililichora moja tu. Tulikuwa tumekipita kitambaa kimoja mara tano. Mke wangu akauliza vitambaa hivi ni vya nani. Nikasema huenda kwaya ilipita hapa.

Nilikuwa tayari kukiri kila kitu. Kweli nilikuwa tayari, nimeshafungua mdomo. Hapo ardhi ikalainika chini ya viatu, na mbele yetu weupe ukapata ukingo. Maji! Yametulia. Hayana hata kiwimbi.

Nikamwambia polepole, tumefika. Hili ndilo. Nikamweleza kwamba tumepita lango bila kuliona, kwamba sindano imeamua yenyewe kutuleta. Mke wangu akayatazama maji. Akaitazama dira kiganjani mwangu. Akautazama mkono wangu, muda mrefu kidogo, kisha akanitazama usoni. Akachuchumaa, akatia vidole majini. Tukakaa. Akaniegemea begani. Ukungu ulikuwa unapita juu ya maji, unakuja, unakwenda, na kila ulipokwenda nilidhani naona ng'ambo, na kila ulipokuja sikujali tena. Sijui tulikaa muda gani. Sijawahi kuwa na furaha kama ile tangu nizaliwe. Nikamwambia, nimetimiza. Akasema, mm.

Kisha ng'ombe akaja kunywa maji.

Akafuata wa pili, na wa tatu mwenye kengele. Upepo ukaja nao. Ukungu ukachanika, na ng'ambo ya maji nikaona ukuta wa saruji, bomba, na hatua hamsini hivi nyuma yake, kibanda cha mlinzi. Pale pale tulipoanzia. Bwawa la kunyweshea ng'ombe! Mlinzi akatupungia mkono, mkono wa pili ameutia kwenye mfuko niliomshonea.

Mke wangu hakucheka. Alitoa dira yake, akasogea mbali na mimi, hatua kumi kamili, jambo ambalo liliniuma. Akatandaza ramani gotini, akasema sisi tuko hapa. Akachagua alama, akaiendea, akahamisha kokoto. Ukungu ukarudi, hakushtuka. Akanipitisha kwenye jiwe la namba, akanifikisha kwenye bendera, mimi nyuma nikidungwa. Tulikuwa wa mwisho. Shemeji alifika saa moja na nusu kabla yetu, kapiga chafya kumi na nane. Alizihesabu.

Jumatatu, 19 Agosti

Matokeo. Shemeji amefaulu. Mke wangu amefaulu, tena kwa sifa, maana Mwalimu anasema kuanza mahali usipopategemea, katikati ya ukungu, ni kazi ngumu kuliko aliyoitunga yeye. Hapo nilistahili shukrani kidogo. Sikupewa. Mimi sikufaulu.

Baadaye akaniita mezani, darasa limetoka. Kijitabu kilikuwa wazi kwenye ule ukurasa wangu. Nikausoma kichwa chini miguu juu: Macho? Kizunguzungu? Huzuni? Yote yamekatwa kwa mstari. Akasema ni mke wangu aliyemwambia jibu. Akaniomba mkono wa kushoto. Akaweka dira mezani, sindano ikaelekea kabati la magazeti. Akausogeza mkono wangu. Sindano ikaniangalia. Akauondoa: kabati. Akausogeza: mimi. Akaifungua bangili, akaiweka kiganjani mwangu, akanifumba vidole mwenyewe.

Basi haikuwa kipaji. Uso ulinishuka. Nikalia kidogo, nikasingizia vumbi la magazeti. Siyo kadi iliyoniliza. Ilikuwa lile ziwa, na kioo kile, na miaka kumi na mmoja.

Nyumbani mke wangu alikuwa amelifumua pindo la jaketi, anachomoa pini, anazipanga kwenye sahani. Thelathini na nane, thelathini na tisa, arobaini. Akaniuliza. Nikasema yote. Akasema atamwambia kaka yake siku nitakayomkera. Naishi kwa hofu!

Nikamuuliza, kama aliiona bangili pale bwawani, mbona alinyamaza. Akasema nilikuwa na furaha mno. Akasema na bwawa lenyewe lilikuwa zuri, mpaka ng'ombe alipoingilia. Kisha akaniambia nitafute viatu vya maana, Jumapili anakwenda ziwani na anaruhusiwa kumwongoza mtu mmoja. Nikamuuliza kaka yake je. Akasema kaka yake ana kadi yake, na hata hivyo si yeye aliyemwahidi.

Jumapili, 25 Agosti

Langoni alinikagua mbele ya walinzi. Mkono wa kushoto mtupu. Wa kulia mtupu. Mifuko mitupu, mkanda wa kamba. Nilimwapia kwamba bangili nimeivua, na nimeivua kweli. Imo ndani ya bitana ya koti, upande wa kifua, nimeishona jana kwa mshono usioonekana. Mwalimu alilalamikia mkono. Kuhusu kifua hakusema neno, na fundi hatoki nyumbani bila pini.

Alitangulia yeye. Mimi nyuma, namtazama kisigino. Anasimama, anainua macho, anachagua jiwe, anakwenda. Kokoto kutoka mfuko huu kwenda ule. Miti ikafupika, ikaisha. Hewa ikawa nyembamba, sauti zetu zikawa ndogo. Nilipenya kitu ambacho mwanzoni nilidhani ni usingizi, kumbe ni wingu. Tulipotoka upande wa pili, lilikuwepo.

Dogo kweli. La bluu isiyo na jina, na nimeshika vitambaa vya bluu maisha yangu yote. Maji yamelala. Mbali, chini kabisa, mji, na mahali fulani ndani yake dirisha letu. Mke wangu alisimama ukingoni, viganja ndani ya mikono ya koti lake, hakusogea. Nikangoja aseme kweli umenileta. Sikuwa na haki, lakini nilingoja. Akasema, bado lipo. Akanishika mkono, akanivuta kando yake. Nililia, na huku hakuna magazeti wala vumbi la kusingizia.

Tukakaa mpaka kivuli cha bega la mlima kikavuka maji yote. Hapo ndipo nilipoona. Mbali sana, nyuma ya mlima huu, mlima mwingine, mrefu zaidi, na katikati yake kitu kimemeta mara moja. Mke wangu akauliza kile ni nini. Nikamwambia ni ziwa, na nitampeleka. Mimi, kwa mkono wangu mwenyewe! Alicheka mpaka ndege wakaruka majini.

Acha acheke. Nikatoa dira aliyoniazima Mwalimu baada ya kumrekebishia mkoba wake, nikaishika mbele ya kifua ili nipime uelekeo. Sindano ikaogelea. Ikatikisika, ikafikiri, ikageuka taratibu, ikanielekea mimi. Nikautazama mkono wangu wa kushoto. Mtupu kabisa. Hakuna bangili. Kwa hiyo haikuwa bangili hata siku moja. Ni mimi.